Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuhudhuria kongamano la Kikristo ukiwa kwenye safari ya misheni nje ya nchi

Wapendwa, haya maswali yanarudi kila timu inapojiandaa kutoka, mengine yanatumwa kwenye grupu saa sita usiku na mtu anataka jibu saa hiyohiyo, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Mpangilio sio mkali sana, tafuta lako usome.

Kwani tunaenda misheni au tunaenda kongamano?

Mnaenda misheni, kongamano liko ndani yake. Sio likizo katikati ya kazi wala sio zawadi ya wale waliochangisha vizuri. Wenyeji wanawaalika kwasababu ndo siku pekee ambazo wachungaji, viongozi wa vijana, akina mama wa maombi na watu wa kutoka mbali kabisa wako sehemu moja, yaani watu ambao ungehitaji miezi kuwazungukia mmoja mmoja. Kwahiyo kazi yako kubwa pale ni kukaa nao, kusikiliza, kula meza moja na watu usiowajua badala ya kujikusanya nyie kwa nyie kwenye kona mkiongea lugha yenu. Hiyo ya kona ndo tatizo sugu la timu za misheni na kila mwaka naliona.

Na hili halijaanza leo. Mwaka 1910 kule Edinburgh, Scotland, ulifanyika mkutano mkubwa wa umisionari, wajumbe kama 1,200, karibu wote kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini, wale waliotoka makanisa ya Asia hata 20 hawakufika. Mmoja wao, V. S. Azariah wa India, akasimama akawaambia wamisionari kwamba wametoa mali zao kulisha maskini, wametoa hadi miili yao, lakini wenyeji wanaomba upendo, wanaomba wapewe marafiki. Miaka miwili baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuwekwa kuwa askofu wa Kianglikana. Sasa ukirudi nyumbani una picha 400 za jukwaa na hujui jina la hata mtu mmoja uliyekaa naye jirani siku zote zile, jiulize ulienda kufanya nini.

Kongamano liwekwe mwanzo wa safari, katikati au mwisho?

Mkiwa na uwezo wa kuchagua, mwanzo. Mnafahamiana na watu ambao mtahudumu nao wiki zinazofuata, mnasikia wenyeji wanaongea mzigo wao ni nini kabla nyie hamjaanza kufungua midomo, na mchungaji wa kijiji fulani akiwaona baadaye hamuwi wageni tena. Mwisho inavutia kwenye karatasi, eti tunafunga kwa kishindo, lakini timu inakuwa imechoka, wawili wana homa na mmoja hasalimiani na kiongozi. Katikati inawezekana ila muache angalau siku moja ya kupumua kabla ya kurudi kazini.

Tunahitaji viza gani? Si ya utalii inatosha?

Inategemea nchi, na hapa msibahatishe. Kuhudhuria kongamano kama msikilizaji na kufanya kazi ya dini ni vitu viwili tofauti mbele ya uhamiaji wa nchi nyingi. India kwa mfano wana viza ya kongamano na wana viza ya umisionari, kila moja kivyake. Uingereza viza yao ya kawaida ya mgeni inaruhusu kuhudhuria makongamano na semina, na kwa kawaida unakaa hadi miezi 6. Marekani mtu wa kuhudhuria mkutano anaingia kwa viza ya mgeni, B-1, ila anayekwenda kuajiriwa kwenye huduma ya kanisa ni viza nyingine kabisa, R-1. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hesabu yake ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na hizo 90 ni za eneo zima, sio kila nchi 90 zake, kwahiyo kama mnapita nchi tatu siku zote zinajumlishwa.

Sasa nyie mna mchanganyiko, siku kadhaa za kongamano alafu wiki za kuhudumu, kutembelea mashule, kuhubiri, pengine kujenga. Andikeni yote hayo mkiwa mnaulizia ubalozini, sio mtaje kongamano peke yake kwasababu linaonekana jepesi. Mwambieni na mwenyeji awaandikie barua ya mwaliko yenye tarehe, mahali, nani analipia malazi, mtafanya nini hasa, na namba ya mtu atakayepokea simu uhamiaji wakipiga. Barua isiyo na namba inayopatikana ni mapambo tu.

Nikifika uwanja wa ndege wakaniuliza nimekuja kufanya nini niseme nini?

Ukweli, kwa kifupi. "Nimekuja kuhudhuria kongamano la kanisa, tarehe hizi, nafikia hapa, barua hii." Basi. Usianze ushuhuda wa wokovu wako pale dirishani, kuna watu 200 nyuma yako. Na usidanganye. Kuna wapendwa wanaamini kwamba kwa ajili ya injili unaweza kusema wewe ni mtalii huku begi limejaa vipeperushi na timu nzima imevaa fulana zenye neno MISHENI mgongoni, afisa sio mtoto mdogo jamani. Timu nzima iwe na jibu moja, sio kwasababu mmelipanga, ila kwasababu ndivyo ilivyo kweli.

Kama nchi ni ile ambayo viza sahihi ya kazi yenu haipatikani, hilo ni la viongozi na wenyeji kuamua kabla tiketi haijakatwa, sio lako peke yako kulitatua mbele ya dirisha.

Nimepata imeili ya mwaliko wa kongamano la Kikristo nje, tiketi na viza wanalipia wao. Ni ya kweli?

Uwezekano mkubwa ni utapeli. Samahani kuongea hivi lakini hili limewaliza watumishi wengi na makanisa yamechanga hela za watu maskini zikaenda kwa matapeli.

Angalia dalili. Wao ndo wamekutafuta, hujawahi kuwasikia. Tiketi wanalipa, viza wanashughulikia, wewe unatakiwa ulipie "kitu kidogo tu", mara nyingi hoteli, na hela inatumwa kwa jina la mtu binafsi, sio akaunti ya taasisi. Wakati mwingine kongamano lina sehemu mbili, ya kwanza nchi kubwa ambayo kila mtu anaitamani, ya pili nchi nyingine, na hoteli ya hiyo ya pili ndo unaambiwa uilipie mapema. Wanataka skani ya pasipoti siku ya kwanza kabisa. Wanakuharakisha, nafasi zimebaki chache, jibu ndani ya siku mbili. Na imeili yenyewe ni ya bure bure tu huku wanadai ni shirika la kimataifa.

Hakuna mwandaaji wa kongamano anayeweza kukuhakikishia viza, viza inatolewa na serikali ya nchi husika kupitia ubalozi au uhamiaji wake na wewe mwenyewe ndo unaomba. Anayekuambia amemaliza na ubalozi, funga imeili.

Kuhakikisha, usibonyeze linki waliyokutumia. Tafuta kongamano mwenyewe kwenye intaneti, alafu fanya jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii, piga simu kwenye ukumbi au hoteli ambayo wanasema litafanyikia, uliza kama tarehe hizo kuna tukio la jina hilo limepangwa. Tapeli anaweza kunakili tovuti nzima na picha za wahubiri, ila hawezi kupanga ukumbi. Na kama mna wenyeji nchi hiyo waulizeni, kanisa la pale litajua kama kuna mkutano mkubwa mjini mwao.

Kuhusu pasipoti na chanjo?

Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele kuanzia siku ya kuingia, nchi nyingi zinataka hivo na mashirika ya ndege yanakurudisha pale kaunta bila huruma. Jina la kwenye usajili wa kongamano liwe lilelile la kwenye pasipoti, sio "Mtumishi Baraka", kwasababu barua ya mwaliko inatolewa kwa jina ulilosajili.

Homa ya manjano, kama nchi mnayoenda au mnayopitia inataka kadi, kadi inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwahiyo kuchoma wiki ya safari haisaidii. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10, usikubali kuchomwa tena kwa sababu ya tarehe tu. Malaria ongea na daktari mapema maana dawa za kinga nyingine zinaanzwa kabla hujasafiri na zinaendelea hata baada ya kurudi.

Nina dawa zangu za kila siku, nizibebe vipi?

Begi la mkononi, kwenye paketi yake halisi, na karatasi ya daktari. Usichanganye vidonge kwenye kikopo kimoja hata kama unavijua kwa rangi. Na angalia sheria ya unakoenda, kuna dawa za kawaida kabisa kwenu ambazo kwingine zina masharti makali, kodeini kwa mfano ukienda Falme za Kiarabu, au dawa za mafua zenye pseudoefedrini ukienda Japani.

Powa benki naweka begi kubwa?

Hapana, mkononi, daima. Kiwango cha kawaida ni hadi saa-wati 100 bila kuomba ruhusa. Kujua yako, chukua mAh (namba ya ujazo wa chaji iliyoandikwa juu yake) gawa kwa 1,000 zidisha kwa 3.7, kwahiyo ile ya 20,000 inakuja 74, unapita. Mashirika mengine ya ndege siku hizi hayataki uitumie mkiwa angani kwahiyo soma masharti yao. Adapta ya soketi nunua kabla, na kama timu inabeba vyombo vya muziki au projekta angalieni volti, kuna nchi ni 120 na kuna nchi ni 230, kinanda kimoja kikiungua ibada imekwisha.

Bima ni lazima?

Ndiyo. Iwe na matibabu na kusafirishwa kwa dharura, na namba ya bima iwe kwa kila mtu, sio kwa kiongozi tu. "Mungu atatulinda" ni imani nzuri na bima haiipingi.

Sijui lugha yao, nitaelewa nini huko?

Zaidi ya unavyofikiri, ila ujue tafsiri inafanyaje kazi.

Kuna ile ya mkalimani kusimama jukwaani na mhubiri, sentensi yake sentensi yangu. Hii inakula muda, mahubiri ya dakika 40 maana yake maneno ya mhubiri mwenyewe ni kama dakika 20. Kuna ile ya vifaa vya masikioni, mkalimani yuko kwenye kibanda nyuma anaongea papo hapo huku mhubiri anaendelea. Hiyo ni kazi inayochosha akili kuliko kuhubiri kwenyewe, ndo maana wanakuwa wawili na wanapokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Ukisikia sauti imebadilika katikati ya hoja sio tatizo la kifaa. Kifaa chenyewe chukua mapema, sehemu nyingi unaacha kitambulisho (usiache pasipoti, beba kitambulisho kingine) na jioni ukirudishe, kila kongamano kuna vinavyoondoka kwenye mabegi ya watumishi wa Mungu na mwandaaji analipia.

Na kuna ile ya tatu, ya kunong'onezewa, mwenyeji mmoja anakaa katikati yenu anawatafsiria kwa sauti ya chini. Hii ndo ya kawaida kwa timu ndogo. Kaeni pembeni au nyuma, sio viti vya mbele, minong'ono inasumbua waliokuja kusikiliza. Alafu mkalimani wenu huyo ana haki ya kupumzika na kupokea neno yeye mwenyewe, mpeni kipindi kimoja kwa siku ambacho hatafsiri kabisa, nyie mkae msielewe, haiui. Ibada ya kutoelewa maneno ina faida zake, unaanza kuangalia watu wanavyoomba.

Beba Biblia ya lugha yako. Ukisikia kitabu na sura unafungua, robo ya somo umeshapata.

Wanaweza kunisimamisha ghafla niongee?

Wanaweza na watafanya hivyo. Mgeni kutoka mbali hakai tu ukumbini bila kusalimia watu, MC atawaita. Kwahiyo kila mmoja wenu, hata yule mwenye aibu, awe na salamu ya dakika moja na nusu kichwani, na kiongozi awe na neno la dakika 10 akiombwa kuziba nafasi ya mhubiri ambaye basi lake limechelewa.

Salamu kwa mkalimani inakuwa hivi, kila alama ya / ni mahali unanyamaza umuachie:

Bwana asifiwe sana. / Tunaleta salamu kutoka kanisa letu. / Tumefika salama, tunamshukuru Mungu. / Asante kwa kutupokea kama ndugu. / Jana tulijifunza kitu kwenye somo la mchungaji wenu. / Tunaomba mtuombee. / Mungu awabariki.

Haitakiwi kuwa hivi: "Kwanza nianze kwa kusema kwamba kwakweli, kama alivyogusia mtumishi asubuhi, na hata mimi nilikuwa namwambia mwenzangu hapa tukiwa tunapanda ngazi kwamba ile habari ya, yaani, mnajua kule kwetu..." Hapo mkalimani amefungua mdomo mara tatu akafunga, hajui aanzie wapi, mwisho anasema "anawasalimu", watu wanapiga makofi. Na amefanya vizuri.

Mambo mengine ya kuzingatia ukiwa na mkalimani. Mpe maandiko yako kabla, sura na mstari, aweke alama kwenye Biblia yake. Usitumie methali za kwenu wala utani wa kucheza na maneno. Tazama watu, sio yeye. Maliza wazo zima ndo unyamaze, ukimkatia katikati, "Yesu hakuja..." ukanyamaza, unamuweka kwenye hali mbaya sana huyo ndugu. Na ukipewa dakika 5 ujue na tafsiri imo humo humo.

Kitu kingine, usiwafundishe wenyeji mambo ya nchi yao. Umekaa siku nne.

Nasinzia mchana kwenye vipindi, nifanyeje? Naonekana sina roho ya ibada.

Eutiko alisinzia Paulo mwenyewe akiwa anahubiri, akaanguka kutoka orofa ya tatu (Matendo 20), na huyo hakuwa hata amepanda ndege. Mwili unazoea takriban saa moja ya tofauti kwa siku, kwahiyo mkiwa mmevuka masaa 7 msitegemee kuwa sawa siku ya pili, na ukisafiri kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kuliko magharibi. Fikeni siku mbili tatu kabla mkiweza. Toka nje asubuhi upate mwanga, usilale mchana zaidi ya nusu saa, na ukiona kichwa kinaanguka simama nyuma ya ukumbi. Kusimama nyuma hakuna anayekushangaa.

Mafundisho mengine yanatofautiana na ya kanisa letu. Tutoke?

Msitoke. Mtakutana na watu wanaoomba kwa sauti kubwa wote kwa pamoja na wengine wanaokaa kimya, wanaobatiza watoto na wasiobatiza, wanawake wanaohubiri na sehemu ambayo hawaruhusiwi. Fanyeni kama watu wa Beroya kwenye Matendo 17, waliompima Paulo kwa Maandiko, sikilizeni alafu jioni mfungue Maandiko kwenye timu yenu muone. Hapo kwenye kikao cha jioni ndo mahali pa kusema "hili sikubaliani nalo", sio kwenye foleni ya chakula na sio mtandaoni.

Mfano mzuri ninaoupenda ni kongamano la kimataifa la uinjilisti lililofanyika Lausanne, Uswisi, Julai 1974, watu zaidi ya 2,000 kutoka nchi kama 150. Walibishana haswa, kwasababu watu wa Amerika ya Kusini kama René Padilla na Samuel Escobar walisema wazi kwamba huwezi kuhubiri injili ukafumba macho kwa dhuluma na umaskini, na wapo waliokuja wakiamini kazi ni kuhubiri basi. Hawakufunga mabegi wakaondoka. Kamati chini ya John Stott, mchungaji wa Kianglikana wa Uingereza, ikaandika tamko linaloitwa Agano la Lausanne, vifungu 15, na kifungu cha 5 kinahusu wajibu wa Mkristo kwa jamii. Kifungu hicho kisingekuwepo kama wageni wangekuja kupigiana makofi tu.

Ila kuna mipaka. Ukisikia mtu anauza vitu vya upako jukwaani, anaambia wagonjwa waache dawa, au anataja dau la sadaka kwa ajili ya muujiza, kiongozi wa timu amfuate mwenyeji faraghani siku hiyohiyo aulize, na timu isipande jukwaa hilo. Picha yenu pembeni ya mtu kama huyo itatumika.

Wakiita watu mbele kuombewa niende? Na kuombea wengine je?

Kama una hitaji nenda, wewe pia ni mtu. Kuombea wengine usijiteue. Subiri wenyeji wakupange, na ukiombea mtu awepo mwenyeji pembeni, mwanamke aombewe na mwanamke inapowezekana. Mtu akianza kukueleza jambo zito, kupigwa nyumbani, kutaka kujiua, usimalize kwa ameni ukaenda zako, mkabidhi kwa mchungaji wake au mtu wa ushauri wa pale kabla hujaachia mkono wake. Wewe Jumatatu haupo.

Sadaka natoa kiasi gani? Na wakipitisha ahadi?

Toa kama unavyotoa siku zote, kwa hela ya pale, kimya kimya. Usiwe mgeni anayerusha noti kubwa kikapuni watu wakigeuka. Ahadi usiandike papo hapo kwasababu muziki umepanda, mwambie kiongozi, timu iongee, kama ipo ya kutoa itapitia kanisa kwa kanisa na risiti. Paulo alivyobeba mchango alihakikisha anakwenda na watu wengine ili asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8). Mkibeba pesa taslimu za mradi mjue kuna kutangaza forodhani, Ulaya ni kuanzia euro 10,000, Marekani ni zaidi ya dola 10,000 na hapo wanahesabu kundi linalosafiri pamoja, sio kichwa kimoja kimoja. Kugawanya bahasha kwa watu wanne ili msitangaze ni kosa.

Mtu tuliyekutana naye ananiomba ada ya shule au nimfanyie mwaliko aje kwetu.

Itatokea, mara nyingi mwisho wa siku ya pili. Usikasirike, wewe umekuja na ndege, ni kawaida akuone una uwezo, na wengi wao shida ni ya kweli kabisa. Jibu: "Nimekusikia, siwezi kuahidi, ngoja niongee na mchungaji wako." Alafu uongee kweli, maana kuna msemo wa wageni, "tutawasiliana", ambao wenyeji wameshausikia mpaka wameuchoka. Usipokuwa na nia ya kuwasiliana usitoe namba. Hela mkononi hapana, hata kidogo, unampa mmoja wengine kumi wanaona, na umewaachia wenyeji ugomvi ambao utaendelea nyie mkiwa mmeshatua nyumbani.

Picha na video, naweza kurusha laivu?

Uliza kwanza, mwandaaji na mtu mwenyewe. Kuna watu ukumbini ambao familia zao hazijui wameokoka, na kuna waliotoka nchi ambazo kuonekana pale ni kesi. Kongamano jingine la harakati hiyohiyo ya Lausanne, lililofanyika Cape Town mwaka 2010, lilikusanya watu zaidi ya 4,000 kutoka nchi 198, lakini waumini kama 200 wa makanisa ya China yanayokutana majumbani waliokuwa wamealikwa walizuiwa na serikali yao kusafiri. Sasa wewe unapiga selfi na umati nyuma, unaweka na jina la mji, dakika hiyohiyo. Makongamano mengine yana beji au kamba za rangi tofauti kwa wasiotaka kupigwa picha, soma maelekezo siku ya usajili. Ukumbi ukikosa utaratibu huo, piga picha ya timu yenu, ya jukwaa kwa ruhusa, na weka mtandaoni mkishaondoka.

Watoto wa watu usiwapige picha bila mzazi kukubali. Na usibaki na mtoto peke yako chumba chochote, hata kama ni kumsaidia, hata kama ni dakika moja.

Nguo?

Muulize mwenyeji wa jinsia yako, sio intaneti.

Tunaweza kuruka vipindi viwili vitatu tukatembee mji?

Mkimaliza kongamano tembeeni. Viti vya wageni vikiwa vitupu vinaonekana kuliko vya mtu mwingine yeyote.

Sisi kama timu tusaidie kazi za kongamano au tukae tu?

Siku ya kwanza kaeni mpokelewe, mwenyeji amejiandaa, kumnyang'anya ufagio ni kumvunjia heshima. Baada ya hapo ndo ile mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kuna kupanga viti, kuosha vyombo, kubeba spika, kukaa na watoto pamoja na walimu wao. Omba kazi kwa anayeratibu, fanya aliyokupa, usibadilishe mfumo wake hata kama unaona kuna njia ya haraka. Mnaokumbukwa ni wale mliosuuza sufuria na akina mama mpaka saa nne usiku, mahubiri yenu sijui.

Tukirudi turipoti nini kanisani?

Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walikusanya kanisa wakaeleza mambo yote Mungu aliyofanya pamoja nao (Matendo 14:27). Kwahiyo ripoti ipo kwenye Biblia, sio urasimu. Ila punguzeni idadi ya mikono iliyoinuliwa, hamjui wangapi walikuwa wameshaokoka tangu zamani wakainua tena. Elezeni wenyeji wanafanya nini, walifundisha nini, wanaombewa nini. Kila mmoja aandike jioni kabla ya kulala, mistari mitano tu, jina la mtu na alichosema, maana baada ya wiki vipindi vyote vinachanganyika kichwani. Na ripoti ikishakamilika watumieni wenyeji waisome kabla ya kanisa lenu, mtashangaa watakayosahihisha, kuanzia majina.

Na mawasiliano na wenyeji baadaye nani ayashike?

Mtu mmoja kwenye timu, achaguliwe kabla ya kurudi na wenyeji wamjue. Sio kila mtu na namba yake na ahadi yake. Huyo anaandika ndani ya wiki ya kwanza kushukuru, anatuma picha walizoahidiwa watu (zile zilizoruhusiwa), alafu anaweka tarehe ya kuongea tena na anapiga siku hiyo, hata kama hakuna jambo jipya.